Uvimbe wa zoloto

Uvimbe wa zoloto (pia: laringiti) ni ugonjwa wa zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichopo juu ya bomba la hewa. Ndani yake mna nyuzi mbili za sauti zinazotetemeka hewa inapopita kati yake. Zikivimba, hazitetemeki sawasawa, na mgonjwa hupwewa na sauti: hukwaruza, au sauti hukauka kabisa. Koo huwasha, na kikohozi huwa kikavu.

Chanzo na matunzo

Mara nyingi chanzo ni virusi vya mafua. Wengine huumia kwa kazi zao. Katika mji wa Morogoro hao ni walimu wa madarasa yenye wanafunzi wengi, wanakwaya, wahubiri na wapiga debe wa stendi ya Msamvu. Kwenye milima ya Uluguru, baridi ya Juni na Julai huwakusanya watu jikoni penye moshi wa kuni, na moshi huo huzidisha mwasho. Sigara, pombe na kiungulia cha mara kwa mara hufanya vivyo hivyo.

Uvimbe wa virusi kwa kawaida hupoa wenyewe katika wiki 1 hadi 2. Antibiotiki haziui virusi, hivyo kuzinunua ni kupoteza fedha. Tiba kubwa ni kupumzisha sauti na kunywa maji ya kutosha. Kunong'ona si kupumzika, kwa kuwa hukaza nyuzi za sauti; afadhali kusema machache kwa sauti ya chini. Mwalimu anaweza kuandika kazi ubaoni na kumpa mwanafunzi asome kwa sauti. Chai ya tangawizi na asali hutuliza koo, lakini mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe asali. Kusukutua maji ya chumvi hufaa koo tu: maji hayafiki kwenye zoloto, na heri yasifike, maana yangempalia mtu.

Kukata kimeo, desturi ambayo bado ipo sehemu mbalimbali za Tanzania, hakutibu kikohozi wala sauti. Kimeo si sehemu ya zoloto, na jeraha lake huweza kuvuja damu nyingi au kuoza.

Dalili za hatari

Njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba, na uvimbe mdogo huweza kuiziba. Mtoto anayekohoa kama mbwa anayebweka, anayetoa mlio akivuta pumzi, ambaye mbavu zinabonyea, au anayetokwa udenda kwa kushindwa kumeza, apelekwe hospitali mara moja. Abebwe akiwa ameketi, wala asichokolewe koo kwa kijiko. Kwa familia za Mgeta au Matombo, ambako masika huharibu barabara, kungoja asubuhi ni hatari. Dondakoo, ambayo pia huziba koo, huzuiwa kwa chanjo inayotolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14.

Mtu mzima ambaye sauti haijarudi baada ya wiki 3 achunguzwe, hata kama hana maumivu. Huenda ni kifua kikuu cha zoloto, hasa akikonda na kutoka jasho usiku. Ugonjwa huo huambukiza, na katika vituo vya serikali hutibiwa bila malipo. Huenda pia ni saratani, hasa kwa mvutaji wa sigara. Daktari wa masikio, pua na koo hutazama nyuzi za sauti kwa kioo au kamera ndogo, na saratani ya hapo ikigunduliwa mapema mara nyingi hupona.