Kampuni ianze kuajiri tena lini? Waulize waajiri wa 1964

Kila msimu wa siasa kuna mtu anasimama juu ya gari na kusema makampuni yalazimishwe kuajiri vijana. Na sisi tunapiga makofi. Mimi siku hizi sipigi, kwa sababu Kenya ilishajaribu kitu kama hicho. Mara 3.

Rudi nami hadi 1964. Uhuru hata haujamaliza miezi 3. Miaka michache kabla yake, walowezi wengi walikuwa wameingiwa na wasiwasi, wakahamisha pesa nje na kupunguza wafanyakazi. Sasa bendera iko juu, watu wanangoja matunda, na kazi hakuna. Ndiyo serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi wakakaa meza moja.

Mapatano yao yalikuwa hivi: waajiri binafsi waongeze wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali iongeze kwa asilimia 15. Wafanyakazi nao wasidai nyongeza ya mshahara wala kugoma kwa mwaka mzima. Kwa karatasi, dili safi.

Zaidi ya watu 200,000 walijiandikisha kwamba wanatafuta kazi. Waliopata ni 30,000 na kitu. Yaani kama mmoja kwa kila sita. Halafu habari ikafika mashambani kwamba Nairobi wanaandika watu, vijana wakapanda basi, na foleni ikawa ndefu kuliko ilivyoanza. Wanauchumi wa maendeleo wanatumia kisa hicho hadi leo: ukitangaza kazi chache mjini, unaweza kuongeza wasio na kazi.

Lakini kinachonishika zaidi ni vile waajiri walifanya baadaye. Hawakuhitaji kufukuza mtu. Mzee akistaafu, kiti chake kinabaki tupu. Mwingine akiacha kazi, hakuna anayeitwa. Polepole faida ya yale mapatano ikayeyuka. Na unaweza kuwalaumu? Oda za kiwanda haziongezeki kwa asilimia 10 eti kwa sababu watu wametia sahihi. Mpango ukarudiwa 1970, ukarudiwa tena 1979. Kama dawa ingekuwa imeponya, mbona kuinywa mara tatu?

Kwa hivyo nikisikia mtu mwenye biashara aliyepunguza watu akiuliza aanze kuajiri tena lini, namjibu na historia hiyo. Jiulize: huyu unayetaka kumchukua akiondoka baada ya miezi 3, utatafuta mwingine haraka, ama utanyamaza tu? Kama utanyamaza, kazi bado haijarudi.

Chukua mtu anayechapisha fulana. Mwaka wa uchaguzi oda zinamiminika, anaona aandike vijana 4. Lakini fulana za kampeni zinaisha Agosti. Septemba atawalipa na nini? Hao ni wa kibarua, na awaambie hivyo mapema. Sasa kama ni oda za shule na makanisa, zinarudi kila mwezi, na amekataa kadhaa kwa sababu mikono haitoshi, hapo aajiri. Akichelewa, wateja watazoea kwa jirani.

Na serikali? Wacha iache kuhesabia wengine wafanyakazi. Ilipe kwanza biashara zinazoidai. Huwezi kumwambia mtu aajiri na wewe mwenyewe umekalia pesa yake ya mishahara.

Wewe unayetafuta kazi pia una swali la kuuliza kwa intavyuu: nafasi hii ilikuwa ya nani, na kwa nini iko wazi? Ukiambiwa aliyekuwepo alipandishwa cheo, ama oda zimezidi, kaa chini muongee mshahara. Wakianza kutazamana, uliza kazi itadumu muda gani kabla hujalipa kodi ya nyumba mpya.