Kiti cha Mamilioni: Aliyekikalia Anajulikana, Aliyeukata Mti Je?

Mwaka 1987 huko New York, kiti kimoja tu kiliuzwa mnadani kwa dola milioni 2.75. Si cha dhahabu. Ni kiti cha mahogani kilichotengenezwa Philadelphia karibu mwaka 1770 kwa tajiri mmoja wa mji huo, miguu yake imechongwa kama nyayo za mnyama mwenye manyoya.

Sasa watajuaje kama kiti cha aina hiyo ni cha kweli, na kilikuwa cha nani? Kwanza wanakipindua. Viti vya mezani vilitengenezwa kwa seti, na fundi alikata namba za Kirumi kwa patasi kwenye fremu ya kukalia. Ukikuta VII, ujue kina ndugu zake mahali. Halafu wanaangalia viungo: mafundi wengi wa Philadelphia walipenyeza ulimi wa mbao ya ubavuni mpaka ukatokeza nyuma ya mguu. Kisha yanakuja makaratasi: risiti za fundi, wosia, orodha ya mali ya marehemu.

Makaratasi hayo yanamfikisha mtafiti kwa tajiri wa kwanza, basi, yanaishia hapo. Lakini mahogani haikuota Philadelphia! Ilitoka Jamaika, Kuba na pwani ya Honduras, na biashara ilichangamka baada ya Uingereza kufuta ushuru wa mbao za makoloni yake mwaka 1721. Waliokata miti walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani. Huko Belize, mmoja wao alipanda juu ya mti mrefu na kuitambua mahogani kwa rangi ya majani yake. Wenzake waliiangusha kwa shoka. Magogo yalivutwa na maksai usiku, kwa mwanga wa mienge, kukwepa jua kali. Mvua zikifika, yakaelea mtoni hadi baharini.

Majina yao hayapo kwenye risiti ya kiti chochote. Kinachouma zaidi, katika nyumba za waliomiliki watumwa, orodha ileile ya marehemu iliandika viti na bei yake, kisha watu na bei yao, mara nyingi jina moja tu bila la baba. Kwa hiyo karatasi inayopandisha bei ya kiti mnadani, kwa wajukuu wa watu hao ndiyo pengine sehemu pekee ya kumwona babu yao akitajwa.