Habari za Taa za Motakaa ya Misheni

Hatuwezi kuiacha motakaa yetu kuukuu, ambayo usiku ilizima taa zake ghafula, kisha ikaziwasha tena kana kwamba haikutenda neno. Usiku mmoja ilitukawiza njiani, tukamkuta mgonjwa amekwisha kufa bila Mpako Mtakatifu. Tulibadili globu, tukabadili na swichi, kazi bure. Ndipo dereva wetu alipotukumbusha ya kuwa umeme huenda taani kwa waya, lakini hurudi katika betri kwa njia ya chuma cha gari. Akaunga waya mmoja toka taani moja kwa moja hata betri: taa zikatulia, ijapokuwa tuliitikisa gari kwa nguvu. Kumbe ni kutu chini ya nati moja! Akaikwangua hata chuma kikang'aa, akaikaza, akaipaka grisi. Usiku ule ule tukaitwa tena ng'ambo ya mto.