Llanycil: mama aliyefunikwa na mwanawe

Oktoba 5, 2014 ilitimia miaka 200 tangu afariki Thomas Charles, mhubiri ambaye Wales nzima inamfahamu kwa jina la mji alioishi: Charles wa Bala. Lakini hakuzikwa Bala. Kaburi lake liko Llanycil, mwendo mfupi nje ya mji, kando ya Llyn Tegid, ziwa la asili kubwa kuliko yote ya Wales. Kanisa la Mtakatifu Beuno, ambalo uwanja wake ndio unaolihifadhi kaburi hilo, lilikuwa limekwisha kufungwa. Chama cha Biblia kililichukua, kikalikarabati, na mwaka huohuo wa 2014 likafunguliwa kama kituo cha wageni kiitwacho Byd Mary Jones, yaani Ulimwengu wa Mary Jones.

Jina la kituo ni la Mary. Llanycil imebaki kuwa anwani tu.

Na hapo ndipo penye dhuluma ndogo ya historia, kwa sababu Llanycil ndiyo mama. Neno “llan” kwa Kiwelisi ni kiwanja cha kanisa, na Beuno ni mtakatifu wa karne ya 7. Bala ulikuja baadaye sana, mji uliopandikizwa na watawala wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 14 na kupewa hati yake mwaka 1324. Kwa karne nyingi mji huo wenye soko haukuwa hata na parokia yake. Wakazi wake walihesabiwa kuwa waumini wa Llanycil.

Kilichoupa mji sifa kwanza ni soksi, dini ikafuata baadaye. Msafiri Thomas Pennant, aliyezunguka eneo hilo katika miaka ya 1770, aliwakuta wanawake na watoto wakitembea barabarani huku wakifuma, na wanaume wenye miili ya mabaunsa wakiwa kati yao na sindano mkononi. Siku za joto walijazana juu ya Tomen y Bala, kilima cha ngome ya zamani, wakifuma na kupiga soga. Usiku wa baridi majirani walikusanyika nyumba moja, wakafuma na kusimuliana hadithi, na mshumaa mmoja ukawatosha wote. Siku ya soko, soksi zilizouzwa zilikuwa za mamia ya pauni. Husemwa kwamba hata Mfalme George wa Tatu alizivaa kwa ajili ya maumivu ya miguu.

Katika mji huo wa biashara aliishi Sally Jones, msichana wa dukani. Charles, kasisi kijana wa Anglikana aliyekuwa akihudumu Somerset, Uingereza, alimpenda na kumwandikia barua nyingi. Sally hakukubali kuliacha duka. Basi aliyehama ni bwana harusi: walioana mwaka 1783, Charles akahamia Bala. Mwaka uliofuata alipokosa kanisa la kuhudumia, akajiunga na Wamethodisti. Miaka yote aliyozunguka milimani akianzisha shule za kuwafundisha maskini kusoma, duka la mkewe ndilo lililomlisha. Wasimulizi wengi huupita ukweli huu mbiombio, kana kwamba mhubiri aliishi kwa hewa. Safari hizo hazikuwa mchezo: mwaka 1799 dole gumba lake moja lilikatwa baada ya kuungua kwa baridi kali njiani.

Mwaka 1800 ndipo akaja Mary Jones, binti wa mfumaji wa nguo kutoka Llanfihangel-y-Pennant, ambaye baba yake alikwisha kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 15. Alitembea zaidi ya kilomita 40, pekupeku kama wanavyosimulia, kwenda kununua Biblia ya Kiwelisi kwa akiba aliyoiweka miaka sita. Mpaka hapo wasimulizi wanakubaliana.

Ugomvi unaanza alipobisha hodi kwa Charles. Masimulizi yaliyoenezwa na vitabu vya mwishoni mwa karne ya 19 yanasema Biblia zote zilikuwa zimekwisha au zimewekewa wenyewe. Msichana akaangua kilio, Charles akashindwa kuvumilia, akampa nakala ya mtu mwingine. Masimulizi ya pili hayana machozi mengi: mzigo ulikuwa umechelewa, Mary akapewa malazi mjini, na Biblia zilipofika akaondoka nazo tatu kwa bei ya moja. Kinachoyapa nguvu haya ya pili ni kwamba Biblia ya Mary iliyoko Chuo Kikuu cha Cambridge si nakala pekee inayohusishwa naye. Ipo nyingine katika Maktaba ya Taifa ya Wales. Anayehesabu nakala, basi, ataegemea masimulizi ya pili. Ila machozi yana soko zaidi.

Desemba 1802 Charles alikwenda London kuomba Biblia kwa ajili ya Wales. Mmoja wa waliomsikiliza, Joseph Hughes, akauliza: kama ni kwa Wales, kwa nini isiwe kwa dunia nzima? Machi 7, 1804 Chama cha Biblia kikaanzishwa. Ndicho kilichochapa Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja mwishoni mwa karne hiyo, kwa hiyo msomaji wa pwani naye ana uzi wake katika mfumo huu.

Mwaka 1811 Charles aliongoza ibada ya kuwawekea mikono wachungaji wa Kimethodisti huko Bala, na kwa tendo hilo wakajitenga na Kanisa la Anglikana. Miaka mitatu baadaye alizikwa katika uwanja wa kanisa hilohilo la Anglikana, Llanycil.

Yaliyofuata ni ya kutajwa tu: chuo cha wachungaji cha mwaka 1837, reli iliyokuja ikaondoka, na mwaka 1965 bwawa la maji la mji wa Liverpool lililozamisha kijiji cha jirani cha Capel Celyn, jeraha ambalo Wales haijalisahau.

Mary mwenyewe hayuko Llanycil. Alifariki mwaka 1864, akazikwa Bryn-crug. Nyumba yenye duka la Sally baadaye ikawa benki. Ukibahatika kufika, kabla ya kuingia kumtazama msichana wa Biblia, pita kwanza makaburini: Sally alimfuata mumewe mwaka uleule wa 1814, wiki chache tu baada yake.