Milima Yetu, Ndiva Zetu, na Safari ya Bibi Zetu Kwenda Same

Kikundi chetu kimetimiza miaka kumi. Mwenye kutaka habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii atazikuta kwenye taarifa ya katibu na ya mhasibu, na zimeandikwa vizuri. Sisi tumepewa kazi ya kuandika historia ya mahali. Watoto wetu wengi wako Dar es Salaam, Arusha na Moshi, na wakija huku Usangi kwa Idi au kwa Krismasi wanauliza: kwa nini mwitu ule haukatwi? Hili dimbwi la tope lilikuwa la nini? Na bibi alikwenda Same kufanya nini kwa miguu? Tumeandika kama tulivyosikia kwa wazee wetu, tukaongeza na yale yaliyoandikwa na Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, ambaye mwaka 1971 alitoa kitabu kuhusu jambo la mbiru. Tutafika huko.

Tuanze na jina. Sisi wenyewe hujiita Vaasu, na lugha ya wengi wetu ni Chasu, ingawa jirani zetu wa Ugweno wana lugha yao. Hili neno "Pare" wazee wanasema tulipewa na Wachagga. Eti zamani za vita wao walikuwa wakipiga kelele "mpare, mpare", yaani mpige, mpige, basi jina likatuganda. Wachagga wakisimulia hadithi hii wanacheka sana. Sisi tunawajibu kwamba mtu anayepigwa hivyo asingebaki na milima yake yote, kaskazini mpaka kusini kwenye kilele cha Shengena chenye mita zaidi ya 2,400. Utani mwingine mnaujua, ule wa Mpare kuuza ng'ombe ili apate nauli ya kwenda kushinda kesi ya kuku. Huo hatuukatai sana. Mtaona baadaye kwamba kesi ya kuku si ya kuku.

Wa kwanza kutajwa katika habari za milima hii ya kaskazini ni Washana wa Ugweno. Walikuwa wahunzi. Jembe, shoka na mkuki vyote vilitoka mikononi mwao, na hata Wachagga walipata chuma kutoka huku, ndiyo maana wenye mifuo ndio waliokuwa na nguvu. Kisha ukoo wa Wasuya ukawapindua. Masimulizi yanamtaja Angovi, na baada yake mwanawe Mranga, ambaye ndiye anayesemwa kuwa aliupanga utawala upya, akaweka mabaraza na kulitia nguvu jando la msituni. Washana wakabaki na kazi yao ya moto na nyundo, na wengine wakasambaa. Hadi leo wapo watu wazima kabisa, wenye kwenda kanisani na msikitini, ambao hawapendi kugombana na Mshana. Wanaogopa laana ya nyundo.

Ile miti mikubwa mnayoiona imesimama kama kisiwa katikati ya mashamba ni ya namna mbili. Mpungi ni mahali pa ukoo pa kufanyia matambiko, na mshitu ni msitu wa jando. Kwenye baadhi ya sehemu hizo, na kwenye mapango, kuna vyungu vyenye mafuvu ya wahenga. Watoto msiende kuchezea. Hatusemi haya kwa sababu ya uchawi. Yule ni babu wa mtu. Tena kwenye miti hiyo ndiko vijito vinakotokea. Mwanamke hakuruhusiwa kuingia mshitu hata kuokota kuni, na sisi tulipokuwa wasichana tulizunguka mbali na mzigo kichwani. Tulikasirika kwa kuzunguka, lakini maji tuliyachota.

Sasa ndiva. Ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa na kukingwa kwa mawe na udongo mahali pa juu. Maji ya chemchemi au kijito ni kidogo, ukiyaacha yatiririke yanapotea kabla ya kufika shambani. Kwa hiyo usiku ndiva inazibwa, maji yanajaa kidogo kidogo mpaka asubuhi, kisha tundu linafunguliwa na maji yanashuka kwa nguvu katika mfongo mpaka kwa mwenye zamu. Leo kwako, kesho kwa jirani. Anayefungua maji katika zamu ya mwenzake ana kesi, na kesi hiyo inaweza kuchukua siku nzima, maana kila mtu analo la kusema. Kusafisha tope ni kazi ya wote. Inapigwa pembe, watu wanatoka na majembe, na hiyo ndiyo inaitwa msaragambo. Asiyetoka analipa faini.

Hapa tuseme jambo moja ambalo kwenye sherehe huwa halisemwi. Haki ya maji ilikwenda kwa ukoo wa waliochimba, na ukoo ulihesabiwa kwa wanaume. Mwanamke ndiye aliyelima mahindi na maharage yaliyonyweshwa na maji yale, ndiye aliyesimama kwenye mfongo na jembe saa kumi na mbili asubuhi, lakini zamu iliitwa kwa jina la mume wake au la baba mkwe. Akifiwa, alikwenda kuomba. Tunaandika hivi kwa sababu habari inayofuata haieleweki vizuri bila ya hii.

Wakati wa Waingereza, Upare ulifanywa wilaya yenye makao yake Same mwaka 1928, na sisi wa Usangi tulikuwa chini ya Same, maana Wilaya ya Mwanga ilikuja baadaye sana. Kila sehemu ilikuwa na mfumwa wake, na wafumwa hao walikaa pamoja katika baraza la wilaya. Watu walilipa kodi ya kichwa, kiasi kimoja kwa kila mwanamume. Katika miaka ya vita ile ya pili, baraza likaongeza kodi nyingine juu ya ile, wakaiita mbiru. Jina lilichukuliwa kwenye ada ya zamani, watu walipompelekea mfumwa sehemu ya walichopata. Lakini mbiru hii mpya ilikuwa nyingine. Walikuja watu wa kukadiria, wakahesabu ng'ombe, mbuzi, kahawa, migomba, wakageuza kila kitu kuwa shilingi, na kila mtu akapangiwa chake kulingana na mali.

Kwa haki, wazo lenyewe halikuwa baya. Mwenye nyingi atoe nyingi, mwenye kidogo atoe kidogo. Hata sisi katika kikundi hununui hisa zaidi ya uwezo wako. Ubaya ulikuwa katika kuhesabu. Nani alikaa akakubaliana nao bei ya mgomba? Huku kwetu mtu humweka ng'ombe wake kwa rafiki, amtunze, apate maziwa na samadi. Ng'ombe aliyesimama zizini kwako si wako, na wako yuko mlima wa pili. Mkadiriaji alijuaje? Na huyu jirani aliyeandikiwa kidogo kuliko wewe, kisa ni nini, umaskini au undugu na mkubwa? Watu wakasema wazi kwamba hawakatai kulipa. Wako tayari hata kodi ya kichwa ipandishwe, mradi iwe kiasi kimoja kwa wote. Wasichotaka ni kukadiriwa. Ndiyo ile kesi ya kuku tuliyoitaja.

Januari mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka Usangi mpaka Same, wakapiga kambi kwenye makao ya wilaya, wakisema hawaondoki mpaka wajibiwe. Sehemu nyingine za Upare nazo zikaamka. Huko kusini jina la Paulo Mashambo, Msabato, lilijulikana sana katika jambo hili, na limeandikwa vitabuni. Serikali haikukubali upesi. Viongozi walishikwa, na jambo likavuka mwaka.

Wanaume wakiwa Same, nani alibaki mlimani? Kahawa haikungoja, mbuzi hawakungoja, ndiva ilijaa tope. Chakula cha kambini nacho hakikuota Same, nchi kavu ile. Kilitoka juu huku. Bibi zetu walituambia kwamba walichoka miguu kwanza, hasira ikaja baadaye.

Mapema mwaka 1946 wakubwa wa serikali walipanda Usangi kuzungumza na mfumwa. Wanawake wakajikusanya, mamia yao, wakalizunguka jengo. Hakuna aliyewaita. Wakataka waelezwe mambo ya mbiru yatakwisha lini, nao hawakupata jibu la maana. Ndipo wakamwambia bwana mkubwa achague moja: ama alimalize jambo hili ili waume zao warudi nyumbani waishi kama watu, ama awape mimba yeye mwenyewe, wote.

Tulipofika hapa katika kuandika, kikundi kiligawanyika. Wenzetu wengine walisema maneno haya yasitiwe kwenye kijitabu, wageni watasoma, shehe na mchungaji watasoma, na wajukuu watatucheka. Tukabishana Jumamosi mbili. Wazee wa kike wawili, ambao mama zao walikuwepo siku ile, ndio waliokata shauri. Walisema kwamba haikuwa matusi, ilikuwa hesabu. Wakadiriaji walikuwa wamehesabu kila kitu cha nyumba isipokuwa kimoja, yaani kwamba nyumba isiyo na mume mwaka mzima haizai, na nyumba isiyozaa haina wa kulima, na isiyolimwa haina wa kulipa kodi. Bwana yule hakuwahi kuambiwa hesabu hiyo na mwanamume yeyote wa baraza. Basi tumeandika, na aliyekataa amekubali, ingawa bado ananuna kidogo.

Kisha wakaenda Same wenyewe. Kama maili 25, yaani kilomita 40 hivi, kuteremka mlima na kuvuka nyika ya jua kali ambayo hata kwa basi inachosha. Walikwenda na watoto mgongoni. Kule wakarudia maneno yaleyale mbele ya ofisi ya wilaya. Fikirini, akina mama ambao wengi wao hawakuwahi kusimama barazani kwao kudai zamu ya maji kwa jina lao, walisimama mbele ya serikali ya mfalme wa Uingereza.

Haikuwa siku hiyo wala mwezi huo, lakini mbiru ilikufa. Mwaka 1947 iliondolewa, na badala yake kodi ya kichwa ikapandishwa kwa kiasi kimoja, kama watu walivyosema tangu mwanzo. Baada ya hapo watu wa kawaida nao wakaanza kupata nafasi katika mabaraza yaliyokuwa ya wafumwa peke yao. Nafasi hizo walikaa wanaume. Utawala wa wafumwa wenyewe ulifutwa baada ya Uhuru, na leo vijana wengi hawajui hata nyumba ya mfumwa ilikuwa wapi.

Tulipoanza kikundi, akina mama wengi waliogopa hisa kuhesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Walitaka waandike wenyewe, wafiche. Bibi mmoja ndiye aliyetukumbusha mbiru, akasema kuhesabiwa si vibaya kama wewe mwenyewe upo, unaona, na unaweza kusema hapana. Ndipo tukaweka sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, na fedha huhesabiwa juu ya mkeka, noti kwa noti. Ni polepole, na mvua ikinyesha tunalowa. Lakini kwa miaka kumi hatujagombana juu ya hesabu. Tumegombana juu ya mengine.

Limebaki jambo la majina. Majina ya baadhi ya wanaume wa mbiru yameandikwa. Ya wanawake waliokwenda Same tumeyatafuta, tukayakuta kwa wajukuu tu, moja hapa, moja pale, na wengine wanamkumbuka kwa jina la mtoto wake wa kwanza, mama fulani, basi. Tuliyoyapata yako kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu, pamoja na kitongoji cha kila mmoja. Chini yake tumeacha mistari mitupu. Aliye na jina la bibi yake, kwa baba au kwa mama, ayalete kwa katibu Jumamosi siku ya hisa, kuanzia saa nane mchana. Kama hajui kuandika, alitamke, litaandikwa hapo hapo akiona.