Kesi ya Ekari 68

Wapima ardhi ndio walioipa Euclid jina lake. Mwaka 1796 msafara wa Moses Cleaveland ulikuwa ukipima ardhi kando ya Ziwa Erie, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Ohio, kwa niaba ya Kampuni ya Ardhi ya Connecticut. Wafanyakazi wakagomea masharti ya kazi, wakatulizwa kwa ahadi ya kupewa eneo lao wenyewe, nao wakaliita kwa jina la yule Mgiriki wa jiometri. Jina la bosi lilikuwa limeshachukuliwa na mji wa jirani, Cleveland. Mimi niliyepata riziki yangu kwa rula na kalamu ya wino katika ofisi ya mipango miji, siwezi kuacha kuwapenda watu hao.

Jina la Euclid lilinifikia darasani, Dar es Salaam, miaka mingi kabla binti yangu hajahamia Ohio na kunipa sababu ya kwenda kuiona Euclid yenyewe. Mwalimu aliitaja kesi yenye jina hilo kwa sentensi mbili: mahakama ya Marekani ilikubali kwamba halmashauri inaweza kuigawa ardhi kwa kanda za matumizi, andikeni. Tukaandika. Hakuna aliyeuliza nani alimshtaki nani, wala nani alipoteza nini. Hukumu yenyewe nimekuja kuisoma nikiwa mstaafu, na naona tulirushwa sehemu yenye nyama.

Kugawa mji kwa kanda hakukuanzia Ohio. New York ndiyo iliyotangulia kutunga sheria moja ya kuufunika mji mzima, Julai 1916. Mwaka mmoja kabla yake jengo la Equitable lilikuwa limekamilika Broadway namba 120: orofa 38 zilizopanda wima kutoka ukingo wa barabara bila kurudi ndani hata hatua moja, zikawazibia majirani jua. Huko Fifth Avenue nako wenye maduka ya kifahari walikuwa na lalamiko lao. Karakana za nguo zilikuwa zimesogea karibu, na kila saa sita mchana mafundi cherehani, wengi wao wahamiaji, walishuka kutoka ghorofani na kujaa njiani mbele ya madirisha ya maduka. Wakili Edward Bassett na wenzake wakayaunganisha malalamiko yote katika sheria moja. Jengo liruhusiwe kupanda wima hadi kimo kinachotegemea upana wa barabara, kisha lianze kurudi ndani. Ndiyo maana majumba mengi ya New York ya miaka ya 1920 yana umbo la ngazi. Sheria ilizungumzia jua, hewa na hatari ya moto. Kuhusu mafundi cherehani ilinyamaza.

Kusini zaidi hawakuwa na haya ya namna hiyo. Baltimore ilipitisha mwaka 1910 sheria iliyotenga mitaa ya weupe na mitaa ya weusi, na miji mingine ikaiga. Louisville, Kentucky, ilipitisha ya kwake mwaka 1914: mtu mweusi asihamie mtaa ambao nyumba nyingi zake wanakaa weupe, na mweupe asihamie wa weusi. Kesi iliyoiangusha sheria hiyo ilipangwa kwa ustadi ambao bado hunichekesha. William Warley, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, mjini humo, alikubaliana kununua kiwanja cha dalali mweupe, Charles Buchanan, na ndani ya mkataba kukawekwa sharti kwamba hatalazimika kukipokea iwapo sheria haimruhusu kujenga na kuishi pale. Kisha akagoma kulipa. Buchanan akamshtaki. Kwa hiyo mbele ya majaji alisimama mzungu akilalamika kwamba sheria ya ubaguzi imemkosesha mauzo, na mtu mweusi akijikinga kwa sheria hiyohiyo aliyotaka ife. Novemba 1917 Mahakama ya Juu iliifuta bila jaji hata mmoja kupinga. Sababu kuu haikuwa utu wa Warley. Ilikuwa haki ya Buchanan kuuza mali yake kwa amtakaye.

Tangu siku hiyo halmashauri yoyote ya Marekani iliyotaka kuchagua wakazi wake haikuruhusiwa tena kuwataja kwa rangi katika sheria ya ardhi. Ilibidi itafute kitu kingine cha kutaja, na kitu hicho kilikuwa nyumba.

Euclid ya mwaka 1922 kisheria ilikuwa kijiji, chenye watu kati ya 5,000 na 10,000 kwa makadirio yaliyomo katika hukumu, na sehemu kubwa yake ilikuwa bado mashamba. Lakini Cleveland ilikuwa inakuja. Viwanda vya mji ule vilikuwa vikisogea mashariki kufuata reli, na kampuni ya Ambler Realty ilikuwa imekaa juu ya ekari 68, kati ya barabara ya Euclid upande mmoja na reli ya Nickel Plate upande wa pili, ikisubiri bei ipande. Novemba mwaka huo baraza la kijiji likapitisha sheria yake. Matumizi ya ardhi yaligawanywa ngazi sita. Ya kwanza, nyumba ya familia moja peke yake. Ya pili, nyumba za familia mbili. Ya tatu, majengo ya fleti, pamoja na hoteli, makanisa na shule. Kisha ofisi na maduka, kisha maghala na karakana nyepesi, na mwisho kabisa viwanda vizito, vichomea taka, makaburi na magereza. Kila ngazi iliruhusu yote ya juu yake na kukataza yote ya chini yake. Juu ya hayo kulikuwa na madaraja matatu ya kimo cha majengo na manne ya ukubwa wa kiwanja.

Ardhi ya Ambler ilikatwa vipande vitatu. Futi 620 za mwanzo kutoka barabara ya Euclid zikawa za nyumba za familia mbili, 130 zilizofuata zikawa za fleti, na zilizobaki hadi relini zikaachiwa viwanda. Kampuni ikaenda mahakamani na hesabu yake: ekari moja ikiuzwa kwa kiwanda ni dola 10,000, ikiuzwa kwa makazi haizidi 2,500. Nani atafidia tofauti hiyo? Wakili wake alikuwa Newton Baker, meya wa zamani wa Cleveland na waziri wa vita wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kijiji kilimtegemea James Metzenbaum, mwanasheria wake mwenyewe.

Jaji David Westenhaver, aliyeisikiliza kesi hiyo Cleveland, aliamua mwaka 1924 kwamba Ambler ina haki. Hukumu yake ndiyo ninayoirudia mara kwa mara. Aliandika bila kuzungushazungusha kwamba ukiondoa maneno yote ya jua na hewa, matokeo ya sheria ile ni kuwaainisha watu na kuwatenga kwa kipato na hali yao ya maisha. Usimdhanie kuwa mtetezi wa wanyonge. Katika hukumu hiyohiyo alisema kwamba weusi na baadhi ya wageni wakihamia mtaani thamani ya nyumba huporomoka, na kwamba hilo linajulikana kiasi cha kutohitaji ushahidi. Hoja yake ilikuwa ya kimantiki tu: ikiwa Louisville imekatazwa kuwatenga watu kwa rangi, Euclid itaruhusiwaje kuwatenga kwa fedha? Mtu mwenye chuki zake aliliona jambo hilo waziwazi kuliko wapangaji miji waliojiona wapenda maendeleo.

Kesi ikapanda Washington. Ilisikilizwa Januari 1926, na Metzenbaum amesimulia jinsi alivyotuma telegramu kwa Jaji Mkuu Taft akiwa njiani ndani ya treni, katika tufani ya theluji, kuomba ruhusa ya kujibu zaidi kwa maandishi. Akaruhusiwa. Kisha Mahakama ikaamua kuisikiliza upya mwezi Oktoba. Hapo ndipo Alfred Bettman, wakili wa Cincinnati, alipoleta hoja kwa niaba ya jumuiya ya wapangaji miji. Yeye hakupoteza muda kwenye ekari 68. Alieleza kwamba kugawa kanda ni kuzuia madhara kabla hayajatokea, sawa na kanuni za moto na za afya, na kwamba mamia ya miji ilikuwa imeshafanya hivyo. Alikuwa na mahali pa kuegemea, kwa kuwa wizara ya biashara chini ya Herbert Hoover ilikuwa imeshachapa sheria ya mfano ya majimbo kunakili.

Uamuzi ulitoka tarehe 22 Novemba 1926, majaji sita kwa watatu, na kijiji kikashinda. Aliyeuandika, George Sutherland, alikuwa mmoja wa wahafidhina wakubwa wa Mahakama. Wenzake watatu wa mrengo huo ndio waliopinga. Alisema maisha ya mjini yamekuwa magumu, hivyo kanuni ambazo zamani zingeonekana za kidhalimu leo ni za lazima, mfano zile za magari barabarani. Akaongeza kwamba kitu kinaweza kuwa kero kwa kuwa mahali pasipo pake, kama nguruwe aliyeingizwa sebuleni badala ya kuachwa zizini.

Ambler ilikuja ikilalamikia kiwanda. Ningetarajia maneno makali yaelekezwe kwenye moshi na kelele za mashine. Sivyo. Makali aliyahifadhia fleti. Jengo la fleti katika mtaa wa nyumba za familia moja, kwa maneno yake, ni kimelea tu: linajengwa pale ili kunyonya uwazi na uzuri ulioletwa na wengine, linafuatiwa na la pili na la tatu, linaziba hewa na jua, linaleta magari, linawanyima watoto mahali tulivu pa kuchezea. Watoto wanaoishi ndani ya fleti hawakutajwa. Na lile swali la Westenhaver, la rangi na fedha, Sutherland hakulijibu.

Ekari zenyewe zilikaa tupu hadi Vita Kuu ya Pili, kilipojengwa pale kiwanda cha General Motors cha kazi za ndege, na baada ya vita kampuni hiyo ikaendelea kupatumia. Ardhi iliyopiganiwa miaka minne isiwe yote ya kiwanda ikaishia kuwa ya kiwanda. Sijui Metzenbaum alipapita na moyo gani.

Hukumu ndiyo iliyobaki. Vitongoji vya Marekani nzima viliichukua ile ngazi ya kwanza, ya nyumba ya familia moja, vikaitandaza juu ya sehemu kubwa ya ardhi yao ya makazi, vikapandisha ukubwa wa chini wa kiwanja, na hapakuwa na haja ya kumfukuza mtu mlangoni. Bei ilifanya kazi hiyo. Sehemu ambazo bei haikutosha, wenye nyumba walijiandikia wenyewe katika hati kwamba hawatamuuzia mtu mweusi, na mahakama zikayatekeleza masharti hayo hadi mwaka 1948, kesi ya Shelley na Kraemer kutoka St. Louis ilipozikataza.

Aliyelirudisha swali la Westenhaver mahakamani hakuwa mwanasheria. Ethel Lawrence alikuwa mlezi wa watoto wa shule ya awali, mwanamke mweusi wa Mount Laurel, New Jersey, mahali ambapo watu wa ukoo wake walikuwa wameishi kwa vizazi. Yeye na wenzake walitaka kujenga fleti 36 ili vijana wao wasilazimike kuhama. Kanuni za kanda hazikuziruhusu, na mwaka 1970, ndani ya kanisa lao, meya aliwaambia kwamba wasiomudu kuishi pale itawabidi waondoke. Wakashtaki. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya New Jersey ikaamua kwamba mji unaoendelea kukua una wajibu wa kuacha nafasi kwa nyumba za wenye kipato cha chini na cha kati, na mwaka 1983 ikalazimika kurudi na amri kali zaidi kwa sababu miji ilikuwa inapuuza. Mama Ethel alifariki mwaka 1994. Nyumba zinazobeba jina lake zilifunguliwa miaka kadhaa baadaye. Amri hiyo inaishia mpakani mwa New Jersey. Kwingineko mambo yameanza kulegea hivi karibuni tu: Minneapolis ilipiga kura mwaka 2018 kuondoa kanda za nyumba ya familia moja pekee, na jimbo la Oregon likafuata mwaka 2019.

Msomaji wa Kariakoo au Magomeni ameshaona ninakoelekea. Miaka hiyohiyo ya 1920 Waingereza waliigawa Dar es Salaam kanda tatu kwa aina ya jengo: la Kizungu, la makazi na biashara, na la wenyeji. Kanuni ilizungumzia kuta na mapaa. Watu wa mjini hawakudanganyika, wakaendelea kupaita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Baada ya uhuru majina ya kiofisi yakawa ujazo mdogo, ujazo wa kati na ujazo mkubwa, na nimezipaka rangi kanda hizo mwenyewe, ramani baada ya ramani, bila mtu kuniuliza kwa nini ujazo mdogo mara nyingi huangukia upande uleule wa upepo wa bahari.

Basi halmashauri yako ikitundika rasimu ya mpango ili wananchi watoe maoni, usiridhike na ramani yenye rangi. Omba jedwali la viwanja, tafuta mstari wa ukubwa wa chini wa kiwanja, piga hesabu ni nani katika ukoo wako anayeweza kukinunua, kisha andika maoni yako kabla muda haujaisha.