Gari Likibadilishwa, Bima Nayo Ibadilishwe

Katika kazi yangu ya uwakala wa bima hapa Mombasa, wenye magari huniuliza swali hili kila mara: "Nikiongeza kitu kwenye gari langu, bima itanilipa siku ya ajali?" Tatizo ni kwamba wengi huuliza gari likiwa limeshagongwa au limeshaungua. Kwa hivyo nimeona niliandike jibu lake hapa, ili mwenye gari alisome kabla hajalipeleka kwa fundi.

Jibu kwa ufupi ni kuwa kampuni ya bima hulikinga gari lile lililoandikwa kwenye karatasi. Gari la barabarani likiwa si sawa na la kwenye karatasi, siku ya kudai patazuka mzozo, na katika mzozo huo mnyonge ni mwenye gari.

Mabadiliko ni yapi?

Magari yetu mengi hushuka bandarini kutoka Japani, na hayachukui muda kabla ya kufanyiwa hili na lile. Probox huongezwa springi ili ihimili magunia na makreti ya samaki. Hiace iliyokuja ikiwa ya mizigo hukatwa madirisha, ikatiwa viti, ikawa matatu. Tuktuk hufungwa spika. Dereva wa teksi huweka mtungi wa gesi ili apunguze gharama ya petroli. Kijana akipata gari lake la kwanza hubadilisha rimu na mofla. Mwenye ulemavu wa miguu hutengenezewa breki na akselereta za mkono. Yote hayo ni mabadiliko, hata yale ya haja kabisa, na mimi huyagawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni yale yanayogusa usajili: rangi ya gari, aina ya bodi, idadi ya viti na injini. Mambo haya yameandikwa kwenye logibuku. Ukiyabadilisha, kituo chako cha kwanza ni NTSA kupitia eCitizen, ili maelezo ya gari yarekebishwe, na gari likaguliwe pale ukaguzi unapohitajika. Kampuni ya bima hufuata logibuku. Injini ikiwa imebadilishwa na namba yake hailingani, mkadiriaji wa hasara ataligundua hilo dakika ile ile anapofungua boneti.

Fungu la pili ni yale yanayoongeza au kubadilisha hatari: kuipa injini nguvu zaidi, kuinua au kushusha gari, tairi kubwa kuliko za kiwandani, mfumo wa gesi, na nyaya za umeme zilizoongezwa. Kwa matatu, weka hapa pia kuchezea kidhibiti mwendo, kile kinachotakiwa kulizuia gari lisipite kilomita 80 kwa saa. Hicho kukichezea ni kosa la kisheria, na hakuna kampuni utakayoiambia ikakuandikia kwamba imekubali.

Fungu la tatu ni yale yanayoongeza thamani: muziki wa gharama, rimu, viti vya ngozi, keria, ngao ya mbele. Haya kwa kawaida hayana ugomvi mkubwa, lakini yasipotajwa hayalipwi. Hati nyingi za bima huweka kiwango maalumu cha redio na cha kioo cha mbele. Ukiwa na muziki wa laki mbili na hati inasema redio ni elfu thelathini, utalipwa hiyo elfu thelathini.

Kwa nini lazima useme

Mkataba wa bima hujengwa juu ya uaminifu. Kampuni haikuwepo gari likifanyiwa kazi gereji, wewe ndiye unayejua. Sheria inakutaka utaje kila jambo la maana, na jambo la maana ni lile ambalo lingemfanya mtu wa bima mwenye busara aamue kulichukua gari au kulikataa, ama aamue ada iwe kiasi gani. Hata kwa wale wanaotumia takaful, wajibu huu wa kusema ukweli uko vile vile.

Fomu ya maombi kwa kawaida huuliza kama gari limefanyiwa mabadiliko. Watu wengi hawaisomi. Hujazwa na mtu wa ofisini au wakala mwenye haraka, mwenye gari akatia sahihi tu. Sahihi hiyo ndiyo itakayowekwa mezani baadaye. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika bima kifo chenyewe ni siku ya dai.

Naujua mkasa mmoja wa baba wa Kisauni, ambaye jina lake nalihifadhi. Alikuja kwangu baada ya dai lake kukataliwa na kampuni aliyokuwa nayo. Alikuwa na Probox ya kuchukulia samaki, nayo ina bima kamili ya gari la biashara. Mwanawe alikuwa amefunga muziki, na fundi akaiunganisha amplifaya moja kwa moja na betri bila fyuzi. Miezi kadhaa baadaye bima ikahuishwa, na kwenye fomu, penye swali la mabadiliko, pakaandikwa "hakuna". Gari likashika moto usiku likiwa limeegeshwa. Mkadiriaji akaandika kwamba moto ulianzia kwenye nyaya zile. Baba yule alibaki na mkopo wa chama wa miezi kumi na minne, akawa analipia gari lililokwisha kuwa majivu. Kama muziki ule ungetajwa, yamkini kampuni ingetaka tu nyaya zikaguliwe na fundi wa umeme, zikatiwa fyuzi, na huenda moto wenyewe usingetokea.

Bima ya mtu wa tatu na bima kamili

Hapa pana tofauti ambayo wengi hawaijui. Bima ya mtu wa tatu, ambayo watu huiita thadi pati, ni ya lazima chini ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya. Hiyo inamkinga yule uliyemuumiza au kumuua barabarani, na kiwango chake ni hadi shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Mahakama ikiamuru zaidi ya hapo, kinachozidi ni mzigo wako.

Sheria hiyo haitaki aliyegongwa aadhibiwe kwa makosa ya mwenye gari. Kampuni haiwezi kumkatalia majeruhi kwa kuegemea tu kipengele cha mkataba kinachohusu hali ya gari, uzito wa mzigo, idadi ya abiria au kifaa kilichofungwa. Lakini usifurahie haraka. Kampuni ikishamlipa majeruhi kwa jambo ambalo mkataba wenu haukulikubali, inaweza kukugeukia wewe na kukudai pesa hizo. Na ikigundua kwamba ulificha jambo la maana, sheria inaipa nafasi, ndani ya muda uliowekwa, kwenda mahakamani kuomba itamkwe kwamba ina haki ya kuibatilisha bima.

Bima kamili, ile ya komprehensivu, ndiyo inayolitengeneza gari lako mwenyewe. Huko ulinzi wa sheria kwako ni mdogo zaidi, na mkataba ndio unaotawala. Madai mengi ya magari yaliyobadilishwa hukwama huko.

Thamani ikipanda na bima ikabaki chini

Kuna hasara nyingine inayokuja polepole. Tuseme gari lako, baada ya kulitengeneza vizuri, lina thamani ya shilingi 1,000,000. Wewe bado umeliandikisha kwa 800,000, kwa sababu hukutaka ada ipande. Ukagongwa, matengenezo yakawa 200,000. Mkataba ukiwa na kipengele cha uwiano, kampuni itasema: umelikinga gari kwa asilimia 80, nasi tunalipa asilimia 80. Hiyo ni 160,000. Toa kile kiasi ambacho mwenye gari hubeba mwenyewe katika kila dai, tuseme 20,000, utapata 140,000. Zile 60,000 zilizobaki utazitoa mfukoni. Na gari likiibiwa au likiharibika kabisa, hutapata zaidi ya 800,000 ulizoandika.

Namna ya kuiarifu kampuni

Kwanza, sema kabla ya fundi kuanza. Ukijua mapema kwamba kampuni haitakubali kitu fulani, umeokoa pesa.

Pili, andika. Kumwambia wakala kwa simu, hata akiwa wakala ni mimi, si ushahidi wa kutosha. Tuma barua au barua pepe yenye namba ya gari, namba ya bima, kazi itakayofanywa na jina la gereji. Weka nakala.

Tatu, kusanya risiti za vifaa na za fundi, piga picha kabla na baada, kisha peleka gari kwa mthamini anayekubaliwa na kampuni yako.

Nne, dai nyongeza ya maandishi kwenye hati yako ya bima. Usiridhike na "tumeona" au "hakuna shida". Mpaka nyongeza hiyo ikufikie na uisome, hujamaliza. Huenda ada ikapanda, huenda wakaweka sharti, na huenda isibadilike hata shilingi.

Tano, rudia kusema kila unapohuisha. Ukihamia kampuni nyingine, anza upya, kwani kampuni mpya haijui uliyoiambia ile ya zamani.

Na kwa anayenunua gari kuukuu: uliza lilifanyiwa nini. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na logibuku. Ukiulizwa na kampuni, usijibu "sijui" kabla ya fundi wako kulitazama.

Ajali ikitokea

Piga picha pale pale, magari yakiwa bado hayajasogezwa, ikiwa ni salama kufanya hivyo. Ripoti polisi haraka. Usingoje saa 24 zipite. Chukua abstrakti. Iarifu kampuni siku hiyo hiyo, na usikubali makosa wala kuahidi malipo barabarani. Usilitengeneze gari wala kung'oa kifaa chochote kabla mkadiriaji hajaliona. Wako wanaokimbilia kuondoa muziki au mtungi wa gesi wakidhani wanajisaidia. Alama za skrubu na nyaya zilizokatwa hubaki, na sasa mtu anaonekana mdanganyifu hata kama mwanzo alisahau tu.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi na kipengele cha mkataba kilichotumika. Kisha tazama mambo mawili. Je, uliulizwa, na ulijibu nini? Je, mabadiliko yenyewe yalikuwa na uhusiano wowote na ajali? Gari lililogongwa kwa nyuma likiwa limesimama kwenye foleni ya feri Likoni halikugongwa kwa sababu ya rimu zake, na hoja hiyo inafaa kuandikwa. Iandikie kampuni kwanza. Usiporidhika, peleka malalamishi kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ukiambatanisha hati zote. Mahakama iko pia, lakini muone wakili mapema, kwa kuwa mikataba na sheria huweka mipaka ya muda.

Mtu anayetumia gari kutafuta riziki hana anasa ya kulihesabu kama chuma tu. Ndani yake mna karo ya watoto, mkopo wa chama na kodi ya nyumba. Leo jioni toa hati yako ya bima, nenda nayo hadi lilipoegeshwa gari, na usome mstari kwa mstari huku ukilitazama. Palipo na tofauti, andika barua kesho asubuhi.